Vidudu Rafiki wa Tumbo, na Dawa Inayonunuliwa Bila Shauri

Watu wengi hapa Himbi wakisikia neno "vidudu" huwaza ugonjwa mara moja. Si ajabu, maana hospitali ndiyo iliyowafundisha hivyo: vidudu vya kolera katika maji ya ziwa, vidudu vya kuhara damu chooni, vidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mafundisho hayo ni ya kweli, wala hatuyafuti. Lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili haijulikani sana, na kwa kuwa haijulikani, wazazi wengi huwadhuru watoto wao huku wakidhani wanawasaidia, tena kwa fedha walizozipata kwa shida. Kwanza nitaeleza nusu hiyo ya pili. Kisha nitasema waziwazi maoni yangu juu ya vidonge vinavyonunuliwa viwili vitatu, vimefungwa katika kipande cha karatasi, kila mara mtoto anapoharisha.

Ndani ya utumbo wa kila mtu, hata aliye na afya njema, zimo jamii nyingi za vidudu. Wataalamu waliofanya hesabu mwaka 2016 walikadiria kwamba mtu mzima ana vidudu kama trilioni 38 mwilini mwake. Na trilioni moja ni milioni moja mara milioni moja. Chembe za mwili wake mwenyewe walizikadiria kuwa trilioni 30. Basi vidudu hutuzidi kwa hesabu, ingawa ni vidogo hata vyote pamoja uzito wake ni kama gramu 200 tu. Vilivyo vingi hukaa katika utumbo mpana. Havikuingia humo kwa ajali. Muumba ametupa mwili unaovihitaji, kama vile shamba linavyohitaji nyuki.

Vinafanya kazi gani? Vingine humalizia chakula ambacho tumbo letu haliwezi kukisaga, kama maganda ya maharage na nyuzi za sombe. Vingine hutengeneza vitamini. Lakini kazi ninayotaka kuieleza leo ni nyingine: vidudu hivi ndivyo walimu wa kinga ya mwili.

Mwili una askari wake, ndio chembe nyeupe za damu. Wengi hufikiri kwamba askari hao hukaa katika damu tu. Sivyo. Sehemu kubwa yao wamepanga kando ya utumbo, maana huko ndiko kwenye mlango mkubwa. Kila siku chakula na maji kutoka nje hupita hapo, na ukuta wa utumbo ni mwembamba sana, safu moja tu ya chembe, iliyofunikwa na ute. Nyuma ya ukuta huo askari wanangoja. Kazi yao ni ngumu. Fikiri mpaka kati ya Goma na Gisenyi: askari akimzuia kila mama mwenye kikapu cha nyanya, watu watalala njaa, naye akimpitisha kila mtu bila kuangalia, mwizi atapita. Na askari asiyefundishwa ni hatari kwa njia nyingine pia, maana humpiga mgeni na mwizi kwa fimbo moja.

Mtoto huzaliwa na askari wasio na elimu. Vidudu rafiki, kwa kukaa karibu nao siku zote, huwafundisha kutambua nani ni mwenyeji na nani ni adui. Huufanya mwili utoe kinga ya ute, iitwayo imunoglobulini A, ambayo huvinasa vidudu vibaya kabla havijaufikia ukuta. Tena vidudu hivi vikila nyuzi za mboga na nafaka hutoa asidi, na mojawapo, iitwayo butireti, ni chakula cha chembe za ukuta wenyewe. Mwaka 2013 ilionekana katika panya kwamba asidi hiyo pia huwaongeza askari wapatanishi, wale wanaowazuia wenzao wasishambulie bila sababu. Mwisho, kuna jambo ambalo hata mtoto wa shule atalielewa: vidudu rafiki hujaza nafasi na kula chakula kilichopo, hata adui akifika hakuti kiti wala sahani.

Haya yalijulikanaje? Wataalamu waliwalea panya tangu kuzaliwa katika masanduku yasiyo na kidudu hata kimoja. Ungedhani panya hao wangekuwa na afya kuliko panya wote wa dunia. La. Kambi za askari katika utumbo wao zilibaki ndogo, kinga ya ute ikawa haba, na adui mdogo aliwashinda upesi. Walipopewa vidudu rafiki, kinga yao ikaanza kukua.

Najua swali linalokuja hapa, maana huulizwa kila mara mafundisho haya yanapotolewa. "Ikiwa vidudu ni rafiki, mbona mnatusumbua kila siku tunawe mikono na kutia klorini katika bidoni?" Jibu ni hili. Vidudu vya nyumba yako si vidudu vya choo cha jirani. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo kirefu ni taabu, na mvua ikinyesha, uchafu wa juu hushuka ziwani, ambako mwingine anachota maji ya kunywa. Kidudu cha kolera hakiji kumfundisha askari yeyote, kinakuja kuua. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, tia klorini, funika chakula. Usafi huo hauwaondoi rafiki walio ndani ya tumbo. Kitu kinachowaondoa ni kingine, nami nitakifikia sasa hivi.

Kabla ya hapo, neno moja kwa akina mama waliowahi kukaa nasi katika wodi ya lishe. Mnaujua ugonjwa wa kwashiorkor, ambao hapa Kivu huitwa bwaki: miguu kuvimba, nywele kugeuka rangi, mtoto kukataa chakula. Katika nchi ya Malawi wataalamu walifuata jozi 317 za watoto pacha mpaka umri wa miaka mitatu, nao walitoa habari zao mwaka 2013. Mara nyingi pacha mmoja alipatwa na utapiamlo na mwenzake hakupatwa, ingawa walilala nyumba moja na kula chungu kimoja. Vidudu vya tumbo la mtoto mwenye bwaki vilipotiwa katika panya wasio na vidudu, nao panya wakalishwa chakula kama cha Malawi, walikonda vibaya. Vidudu vya pacha mwenye afya havikuwafanya vivyo hivyo. Upungufu wa chakula ni sababu ya kwanza ya bwaki, na mtu asiyachukue maneno haya kusema kwamba maharage na samaki si kitu. Lakini yanatuonyesha kwamba tumbo lililopoteza vidudu vyake vyema haliwezi kukitumia vizuri hata chakula kinacholiingia, na kinga ya mtoto kama huyo huwa dhaifu mno. Kwa hiyo kuhara kwa siku tatu kunamuua, ambapo ndugu yake angepona akicheza.

Sasa nifike kwenye kidonge.

Mtoto anaharisha usiku. Asubuhi mama anampeleka mkubwa wake kwenye duka la dawa na fedha kidogo. Muuzaji haulizi umri wa mtoto, haulizi kama kuna damu katika choo, haulizi kama mtoto anakojoa. Anahesabu vidonge vya rangi mbili kwa kadiri ya fedha, vinne au sita: tetrasiklini, au ampisilini, pengine na metronidazoli juu yake. Mama anafungua kidonge, anamwaga unga wake katika kijiko cha chai, mtoto anakunywa. Siku ya tatu kuhara kunakoma. Mama anashukuru, na majirani watatu wanajifunza dawa hiyo kwake.

Lakini kuhara kungekoma siku ile ile bila kidonge! Kuhara kwa maji kwa watoto, mara nyingi, huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata kimoja. Basi imeua nini? Imeua walimu. Antibiotiki haina macho. Inapopita utumboni huangusha rafiki na adui kama moto wa kichaka. Baada ya dozi moja vidudu rafiki huchukua majuma, pengine miezi, kurudi katika hali yake, na jamii nyingine huchelewa zaidi. Katika muda huo nafasi ziko wazi, na adui akifika anakuta viti vitupu. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa antibiotiki nyingi mara nyingine huanza kuharisha kwa sababu ya dawa yenyewe, na mtoto hupata utando mweupe mdomoni. Halafu mama husema, "Ugonjwa umerudi," na kurudi dukani.

Kuna ubaya wa pili, nao sisi watu wa Goma tungepaswa kuujua kuliko watu wote. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, kolera iliingia kati yao, na katika mwezi mmoja wa kwanza wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara. Wazee wa mtaa huu hawajasahau maiti zilizopangwa kando ya barabara. Kidudu cha kolera kilichopimwa wakati ule kilionekana kuwa hakishindwi na tetrasiklini wala doksisiklini, dawa ambazo waganga walikuwa wakizitegemea. Baada ya kolera ikaja kuhara damu, nayo pia ilizikataa dawa za kawaida. Vidudu hujifunza kuishinda dawa pale dawa inapotumiwa ovyo, nusu dozi huku na robo dozi kule. Kila kidonge kinachotolewa bila sababu ni shule kwa adui na kifo kwa mwalimu wetu.

Nisieleweke vibaya. Antibiotiki ni zawadi kubwa, na hospitali hii isingeweza kufanya kazi juma moja bila hiyo. Mtoto mwenye damu katika choo anaihitaji. Mwenye nimonia, mwenye kolera kali, mama mwenye homa baada ya kuzaa, hao wasicheleweshwe hata saa moja kwa sababu ya kuhurumia vidudu vya tumbo. Huko huko Malawi, mwaka 2013, ilionekana kwamba watoto wenye utapiamlo mkali waliopewa amoksisilini pamoja na chakula cha matibabu walikufa wachache kuliko wasiopewa. Hayo yanaonekana kupingana na niliyosema, lakini hayapingani. Mtoto aliyedhoofika hivyo adui amekwisha kupita ukuta, na nyumba ikiwa imevamiwa hatuanzi kwa kuwaita walimu. Shida yangu si dawa. Shida yangu ni kwamba shauri linatolewa na mtu anayeuza.

Mtoto wa kuhara maji mpe maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya unga wa kuongezea maji hupatikana kwenye kituo cha afya. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, kila baada ya kuharisha, na akitapika ngoja dakika kumi kisha uanze tena polepole. Mpe na zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Usimnyime chakula wala ziwa. Macho yakibonyea, mkojo ukikatika, akilegea asiweze kunywa, au damu ikionekana, mbebe uje naye mara hiyo hiyo, mchana au usiku.

Habari ya ziwa la mama ni kubwa, nami sitaki kuipita upesi. Maziwa ya mama yana sukari fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga hata kidogo. Kwa muda mrefu watu waliona jambo hili kuwa ajabu: kwa nini mama atumie nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mtoto hawezi kukila? Jibu ni kwamba si chakula cha mtoto. Ni chakula cha vidudu vya mtoto, hasa jamii iitwayo bifidobakteria, ambavyo huijaza tumbo la mtoto anyonyaye na kuwafukuza wabaya. Pamoja na sukari hizo mama humpa mtoto kinga ya ute iliyo tayari, imetengenezwa kwa ajili ya vidudu vya nyumba ile ile anamoishi. Hakuna kopo la duka linaloweza kufanya hivyo. Basi, bibi wa mtoto anapokuja na maji ya sukari siku ya kwanza, au maji ya majani ya kusafisha tumbo, tunamwomba kwa heshima ayaweke kando. Tumbo lile si chafu. Linapandwa mbegu, na si vema kumwagia maji ya bidoni shamba lililopandwa jana. Ziwa katika saa ya kwanza, na ziwa peke yake mpaka miezi sita itimie. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye ananyonyesha, akimeza dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa.

Na mtu mzima je? Hapa ndipo ninapoulizwa juu ya mashanza.

Watu wa nchi hii walikunywa maziwa ya mgando kabla hakujawa na daktari wala mmisionari. Hata Ibrahimu aliwawekea wageni wake siagi na maziwa chini ya mti. Aliyeyaingiza maziwa haya katika elimu ya kinga ni Élie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur kule Paris. Yeye ndiye aliyegundua kwamba chembe nyeupe huwameza adui, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1908. Aliona kwamba watu wa Bulgaria waliokunywa maziwa yaliyoganda waliishi miaka mingi, akafikiri ni kwa ajili ya vidudu vya maziwa hayo, naye akayanywa kila siku. (Alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71, umri mzuri, lakini si wa ajabu, wazee wa kanisa letu wenye miaka zaidi ya hiyo wako wengi.) Mbegu ya wazo lake, hata hivyo, ilikuwa njema, na leo vidudu hai vinavyoliwa kwa ajili ya afya vinaitwa probiotiki.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Mwanza, Tanzania, kando ya Ziwa Nyanza. Mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, katika mtaa wa Mabatini, walianza kutengeneza maziwa ya mgando kwa msaada wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, wakitumia kidudu rafiki kiitwacho Lactobacillus rhamnosus GR-1. Waliyatoa kwa watu wa mtaa wao, hasa wale wenye virusi vya UKIMWI. Habari za kwanza zilikuwa za kufurahisha: mwaka 2010 iliandikwa kwamba wanywaji wa maziwa yale walionyesha ongezeko la chembe za CD4, askari ambao UKIMWI huwaangamiza. Lakini tazama uaminifu wa watafiti hao. Hawakuishia hapo. Walichukua wanawake 65, wengine wakapewa vidonge vyenye vidudu rafiki na wengine vidonge vitupu, kwa majuma 25, bila mtu kujua amepata kipi. Mwishoni CD4 za makundi mawili hazikutofautiana. Maziwa yale yalikuwa chakula kizuri, yaliwapa akina mama kazi na kipato, na huenda yalituliza tumbo. Hayakuchukua nafasi ya dawa za UKIMWI, wala hakuna mgonjwa wa hapa anayepaswa kuacha dawa zake kwa sababu amesikia habari ya mgando.

Vivyo hivyo kwingine. Huko Odisha, India, watoto wachanga 4,556 walifuatwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2017. Waliopewa kidudu rafiki pamoja na chakula cha kidudu hicho, kwa siku saba tu, walipatwa na sumu ya damu au kifo 5.4 katika kila mia, wasiopewa, 9. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mwaka 2018 watoto wenye kuharisha huko Marekani na Kanada walipewa vidudu vya jamii nyingine, na hawakupona upesi kuliko wenzao. Na Malawi, mwaka 2009, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walijaribiwa, na vidudu rafiki vilivyochanganywa katika chakula chao havikuongeza idadi ya waliopona. Kidudu kimoja si kingine, na tumbo moja si jingine. Kwa sababu hiyo nawaonya juu ya wanaopita nyumba kwa nyumba, hata baada ya ibada, wakiuza makopo ya unga wa "kuongeza kinga" kwa bei ya karo ya shule. Waulize: ni kidudu gani? Kimejaribiwa kwa watu gani, kwa ugonjwa gani? Je, bado ki hai baada ya kukaa miezi juani? Ukiona anajibu kwa kukutajia magonjwa ishirini yanayoponywa na kopo moja, mwambie kwaheri.

Mashanza ni bora kuliko kopo hilo, kwa neno moja tu: usiyanywe ya maziwa mabichi. Hapa nagombana na rafiki zangu wengi wanaosema kwamba kuchemsha huua nguvu ya maziwa. Maziwa ya Masisi hufika mjini katika bidoni juu ya pikipiki, yamechanganywa ya ng'ombe wengi, na ng'ombe mmoja mgonjwa hutosha. Maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela, yaani homa isiyokwisha, maumivu ya viungo na kuharibika kwa mimba, pia kifua kikuu cha ng'ombe. Wala kuganda peke yake hakuviui vidudu hivyo kwa hakika. Chemsha maziwa mpaka yafure. Yaache yapoe mpaka kidole safi kivumilie joto lake. Kisha tia vijiko viwili vya mashanza mazuri, yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa, kwa kila lita. Koroga, funika, zungushia blanketi maana usiku wa Goma ni baridi, na asubuhi yatakuwa yameganda. Nguvu uliyoiua kwa moto umeirudisha kwa kijiko, nayo imekuja bila wezi. Kule Uganda hata watengenezaji wadogo wa vijijini hununua mbegu ya namna hii katika pakiti. Gramu moja hutosha kugandisha lita mia.

Asiyeweza kununua maziwa, na hao ndio wengi, asihuzunike. Uji uliochachushwa una vidudu vya namna hiyo hiyo. Huko Tanzania watoto wadogo walipewa uji wa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, na habari zilizotolewa mwaka 1999 zilionyesha kwamba vidudu vya kuharisha katika choo chao vilipungua. Nazungumza juu ya uji mchachu wa siku moja mbili. Kasiksi si uji, hata kama mtu atanitajia ushauri wa Paulo kwa Timotheo.

Tena vidudu ulivyo navyo tayari vinadai chakula. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji Mkristo aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, wengi katika hospitali ya Mulago, ndiye aliyewaambia Wazungu kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa kwao hayakuonekana kwa watu wa vijijini wa Afrika kwa sababu ya nyuzi za chakula. Alitucheka? La, alitusifu. Ni ajabu basi kuona vijana wa mji wetu wakipata fedha na kitu cha kwanza wanachokiacha ni maharage, mahindi ya kuchoma, viazi vitamu na sombe, wakafuata mkate mweupe na soda. Soda hailishi kidudu chochote unachokitaka.

Watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia wana shauri lao. Utumbo wao ni laini mno, na hata kidudu rafiki huweza kupenya na kuingia katika damu. Mwaka 2023 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo juu ya jambo hili. Kwa hiyo mama wa mtoto mdogo hivyo asimpe unga wala mgando wa namna yoyote, hata akishauriwa na shangazi. Akamue maziwa yake mwenyewe, ampe kwa kikombe kidogo, matone kwa matone, na kati ya kumnywesha amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge.